Gia ya Pili

Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mkewe, kwa kuwa alikuwa muuguzi, ulimwita Sista. Hata wao wenyewe nyumbani waliitana hivyo, mwanzoni kwa utani na baadaye kwa mazoea, kwa miaka kumi na sita waliyoishi pamoja bila kujaliwa mtoto na bila kulaumiana kwa hilo. Fundi alitengeneza pikipiki katika banda la mabati lililoegemea ukuta wa nyumba yao. Sista alizunguka na mkoba wake kwa wagonjwa wasioweza kufika kliniki, akiwasafisha vidonda na kuwapima presha vitandani mwao. Yeye ndiye aliyezoea kusema kwamba kazi yao ni moja, ila wagonjwa wa mumewe hawalalamiki sindano ikiingia.

Ndipo ikaja ile asubuhi ya mteremkoni, lori la mchanga lilipofunga breki mbele yao wakiwa wawili kwenye pikipiki ya Fundi. Fundi aliinuka na michubuko. Sista aliamkia hospitalini, mguu wa kushoto haupo tena kuanzia chini ya goti.

Miezi saba ilikuwa imepita, na Sista hakuwa ametoka nje ya geti ila kwa kupelekwa kliniki. Mguu wa bandia alipewa. Aliufunga siku tatu, kisha akauegemeza nyuma ya mlango wa chumbani, ukakaa pale kama mwavuli uliosahauliwa na mgeni. Kutwa alikaa kwenye kochi la chumba cha nyuma, uso ukielekea dirisha ambalo halikuonyesha kitu ila ukuta wa jirani. Akiulizwa alijibu. Hakununa, hakugomba, hakulia, na hilo ndilo lililomtia Fundi hofu. Mke akinuna unajua pa kuanzia. Huyu alikuwa kama betri iliyokwisha, unabonyeza na hata kijitaa hakiwaki.

Tena kulikuwa na jambo ambalo Fundi hakumwambia mtu. Wiki mbili kabla ya ajali, akifuta vumbi pikipiki yake, aliona waya wa breki ya mbele umeanza kukatika pale unapoingia kwenye mkono wa breki, nyuzi nne zimechomoza kama sharubu za paka. Waya mpya alikuwa nazo, dazeni nzima imening'inia ukutani. Kuubadilisha ni kazi ya dakika ishirini. Alisema kesho. Kesho yake kulikuwa na wateja, keshokutwa vilevile, na wahenga walishasema kinyozi hajinyoi. Pale mteremkoni alipobana breki, waya ulikatika, mkono ule ukamjia kiganjani umelegea kama mkono wa mtoto aliyelala. Breki ya nyuma peke yake ikaipindua pikipiki, wakaenda chini kwa ubavu wa kushoto.

Watu walipouliza, alisema lori lilisimama ghafla na mchanga ulikuwa umemwagika njiani. Yote mawili yalikuwa kweli, ndiyo maana yalisemeka kirahisi. Ule waya aliuchomoa mwenyewe, akautupa kwenye shimo la vyuma chakavu, na mabaki ya pikipiki akayauza kwa mtu wa mbali.

Mchana mmoja aliingia ndani kuchukua tupa, akamsikia Sista akiongea kwa simu na dada yake mkubwa, aliyekuwa matroni wa bweni la wasichana upande wa pili wa mji. Sauti yake haikutetemeka. Alikuwa kama mtu anayetaja bei ya sukari.

"Dada, ningebaki palepale barabarani ingekuwa nafuu kwa kila mtu."

Fundi alisimama kwenye korido mpaka simu ikaisha. Kisha akarudi bandani, akamwambia mteja aliyekuwa akisubiri kwamba leo kazi imeisha, naye mteja akaitazama pikipiki yake iliyolala vipande vipande chini, akaamua kutouliza.

Nyuma ya banda kulikuwa na stoo, na ndani ya stoo, chini ya magunia, kulikuwa na pikipiki ya marehemu baba mkwe. Ilikuwa ya Kijapani, ndogo, cc sabini, ya zamani kuliko ndoa yao, katikati imebonyea kiasi kwamba hata aliyevaa gauni refu hupanda bila kunyanyua mguu juu. Haikuwa na klachi ya mkono. Gia zake tatu zilikuwa chini ya mguu wa kushoto: ukikanyaga kwa ncha ya kiatu inapanda, ukikanyaga kwa kisigino inashuka. Sista alijifunza kuendesha juu yake akiwa msichana, akaja nayo kwenye ndoa, akaendea kazini miaka na miaka mpaka ringi zilipokufa. Mumewe alimwambia ataifufua. Miaka minne ilipita akisubiri zamu yake, na ndiyo maana asubuhi ile alikuwa amepakizwa.

Fundi aliivuta nje, akaiweka juani, akaiangalia. Rangi ya samawati ilikuwa imepauka kama shati la sare lililofuliwa mno, nembo ilishafutika, spoku zimeshika kutu na panya walikuwa wamezaliana ndani ya kiti. Hakuwa na mpango wowote. Alikuwa na wazo moja tu, kwamba mtu aliyezoea kwenda akipata cha kumpeleka huenda akataka tena kuishi. Alilishika wazo hilo kama anayezama anavyoshika jani.

Injini ndiyo iliyokuwa rahisi. Kwa siku nne aliifungua, akasafisha kabureta, akabadilisha pistoni na ringi, akasaga vali mpaka zikakaa. Ilipowaka, ililia ule mlio wake mwembamba wa cherehani, na Fundi akatazama dirisha la chumba cha nyuma. Pazia halikusogea.

Shida ilikuwa ule mguu. Mguu wa bandia hauna kifundo kinachojua kitu. Hauwezi kukwambia kama umekanyaga kanyagio au hewa. Ili ajue mkewe atahisi nini, Fundi alijifunga vipande viwili vya mbao kwenye mguu wake wa kushoto kuanzia goti mpaka kisigino, akavivisha soksi, akapanda pikipiki na kutoka nayo barabarani mchana kweupe. Alifika kwenye duka la kona. Akitaka kuongeza gia, alikanyaga ukingo wa fremu, mguu ukateleza, akaingia na pikipiki yake katikati ya matenga matupu ya nyanya. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwenye duka alimwambia kama anatafuta mguu wa kuvunja, wapo wenye shida zaidi yake. Fundi naye alicheka, maana ukianguka mbele za watu usipocheka nao utalia peke yako, lakini alirudi nyumbani akiisukuma pikipiki. Sasa alijua kwamba gia lazima ihame mguuni.

Alikwenda kwa mchonga vyuma wa mtaa wa pili, ambaye watu walimwita Milimita kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akitumia kipimo kikubwa kuliko hicho. Ukimuuliza kliniki iko umbali gani alikupigia hesabu. Fundi alimweleza anachotaka: mahali pa kanyagio, kwenye shafti ya gia, kikae kisahani cha chuma chenye meno yanayolingana na ya shafti, na kutoka kwenye kisahani hicho uinuke mkono mrefu mpaka usawa wa kiti, ili mtu abadilishe gia kwa kuusukuma mbele au nyuma. Milimita alishika shafti, akapima mara tatu, akasema meno yenyewe ni madogo kama ya panya, aachiwe siku mbili.

Mkono ule ulipofungwa, ulifanya kazi. Fundi alikuwa akiujaribu uani, akipanda gia na kushuka, aliposikia magongo yakigonga saruji nyuma yake. Sista alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekonda, na mwanga ulimfanya afinye macho. Aliitazama pikipiki ya baba yake kwa muda mrefu.

"Nikifika kwenye shimo nitashika nini?" aliuliza.

Fundi hakuelewa. Sista akamweleza, polepole, kama anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza vidonge. Njia zote anazopita zina mashimo. Kwenye shimo ndipo unapopunguza gia. Ukishaachia usukani kushika hilo gongo lako, umebaki na mkono mmoja palepale unapohitaji yote miwili. Ilete gia kwenye usukani, alisema. Mkono wa kushoto si hauna kazi? Kisha akageuka, akaingia ndani.

Fundi alikaa chini kwenye tairi kuukuu. Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasikia kutoka kwake kwa mwezi mzima.

Kuanzia hapo Sista alitoka kila asubuhi. Fundi alimwekea kiti bandani, kati ya jiliwa la kubania vyuma na dirisha. Waliukata ule mkono mrefu, wakauacha mfupi tu juu ya kisahani, wakaufunga waya mbili, mmoja wa kuuvuta mbele na mwingine wa kuuvuta nyuma, zote zikapanda mpaka kwenye usukani, chini ya kiganja cha kushoto. Ukisukuma kwa dole gumba gia inapanda, ukivuta kwa vidole inashuka. Upande wa mguu wa kushoto Fundi alichomelea kikombe cha chuma na kukitandika mpira wa tairi ndani, ili mguu wa bandia ukishatiwa humo usichomoke kwa mtikisiko. Sista ndiye aliyesema kikombe kiwe wazi nyuma, ili akianguka mguu utoke. Nyuma ya kiti walifunga vishikizo viwili vya magongo, na mbele kikapu cha mkoba wa dawa. Rangi aliipaka Sista mwenyewe, samawati ileile, ulimi umejibana kwenye kona ya mdomo.

Aliufunga mguu wa bandia bila kuambiwa. Ukimchubua alijitibu, akaufunga tena. Siku moja Fundi alipogonga dole lake kwa nyundo na kuanza kuruka kwa mguu mmoja, Sista alimwangalia, akasema kwamba katika nyumba hii anayeruka kwa mguu mmoja ni yeye, asimwibie kazi. Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Aliona maisha yake yanarudi kama maji kwenye bomba lililokauka. Yale ya waya wa breki aliyasukuma chini zaidi. Alijiambia ya nini kufukua, mtu akiwa anapona usimkune kidonda.

Jumapili ile dada mtu alikuja. Matroni alikuwa mwanamke mnene mwenye hatua nzito, aliyezoea kukagua vitanda vya wasichana mia mbili, na aliikagua pikipiki vivyo hivyo, akaminya tairi, akatikisa usukani, akasema imependeza. Sista alikuwa ndani akibadilisha bandeji. Matroni akamwambia Fundi, kwa namna ya mtu anayemaliza mazungumzo yaliyokwisha kuanzwa, kwamba chumba ameshakipiga rangi.

Fundi akamuuliza chumba gani.

"Cha mdogo wangu. Nilitaka kuja na gari nimchukue tangu mwezi uliopita, akakataa. Kasema hatabebwa kama furushi, atakuja kwa miguu yake, na miguu yake ndiyo hiyo unayoitengeneza." Matroni alimtazama usoni, akapunguza sauti. "Shemeji, nilidhani mmeshaongea."

Fundi alijikaza, akauliza kama anakwenda kutembea. Matroni akasema anakwenda kukaa. Huko nyumba haina ngazi, zahanati ya shule imekubali kumpa kazi, na kwa lingine lolote amuulize mwenyewe, yeye hapendi kukaa katikati ya mtu na mkewe.

Hakumuuliza. Alijua angemuuliza angejibiwa.

Kazi iliyobaki ilikuwa moja tu. Gia ya pili haikukaa vizuri. Ule mkono mfupi juu ya kisahani ulikuwa mfupi kupita kiasi, waya ulikosa nguvu ya kuuvuta mpaka mwisho, gia ikaingia nusu, na baada ya mwendo kidogo ikaruka, pikipiki ikabaki bila gia, injini ikapiga kelele bila kuvuta. Milimita alishaiona kasoro hiyo, akasema upungufu ni milimita nne, akachonga mkono mwingine. Fundi aliupokea siku moja baada ya Matroni kuondoka. Ulikuwa wa kung'aa, mdogo, unaenea kiganjani. Aliufunga kwenye kitambaa, akautia kwenye mtoto wa meza chini ya risiti, akafunga.

Sista, aliyeambiwa tu kwamba kuna kipande kimebaki na si kwamba gia inaruka, alipouliza, Fundi alisema Milimita bado. Alipouliza tena, alisema chuma chenyewe hakijapatikana. Siku ya tatu alisema mashine ya kuchongea imeharibika mkanda, na alishangaa jinsi maneno yalivyokuja yenyewe, kama mbwa anayejua njia ya nyumbani. Sista alisema sawa. Alijizoeza uani kwa gia ya kwanza, akizunguka pipa la maji, kushoto, kulia, akisimama kwa mguu wa kulia, akiondoka tena, uso umekaza kama mtahiniwa. Fundi alimwangalia akizunguka lile pipa na kujiambia kwamba hata hivi si vibaya. Anaendesha. Anatoka nje. Anacheka mara mojamoja. Kwa nini lazima afike mbali kuliko hapa? Jioni hakula, usingizi ulimpaa, na asubuhi alipita mbali na ule mtoto wa meza kama mwizi aliyesikia jina lake. Lakini hakuufungua. Siku tisa hakuufungua.

Siku ya tisa alikwenda mjini kununua plagi. Aliporudi, geti lilikuwa wazi.

Aliwaona watu kabla ya kumwona yeye, wamekusanyika pale barabara inapoanza kupanda. Pikipiki ilikuwa imelala ubavu wa kushoto. Sista alikuwa amekaa chini kando yake, kiwiko kinavuja damu, shavu limechubuka, mguu wa bandia umechomoka na kugeuka kisigino mbele. Wanaume wawili walikuwa wakimsihi wamwinue, naye akiwakatalia kwa adabu. Walimwambia Fundi kwamba alikuwa akipanda vizuri tu, mara injini ikalia sana, pikipiki ikakosa nguvu, ikarudi nyuma na kulala.

Sista aliinua macho. Hayakuwa na hasira hata kidogo, na afadhali yangekuwa nayo.

"Niambie nimekosea wapi," alisema. "Nilifanya kila ulichonifundisha. Nilisukuma mpaka mwisho, nikasubiri, nikapeleka mafuta. Nimekosea wapi, Fundi?"

Alitaka kusema mlima ni mkali. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamejipanga. Kisha aliona damu ikishuka kwenye mkono wake, ikidondoka kwenye lami ileile wanayoipita kila siku, na kitu fulani ndani yake kikaachia.

"Hujakosea," alisema. "Ni mimi."

Alimbeba. Safari hii Sista hakukataa. Ndani, alimletea maji na pamba, Sista akajisafisha mwenyewe kwa mikono ya kazi, na Fundi akiwa amepiga magoti sakafuni alimwambia juu ya kile chuma kilichomo kwenye mtoto wa meza. Alimwambia tangu lini, na kwa nini. Sista alisimamisha pamba hewani.

"Uliogopa nitaondoka."

"Ndiyo."

"Ukaniacha nipande kitu unachojua ni kibovu."

Fundi aliinamisha kichwa. Hapo angeweza kunyamaza, kwani lililosemwa lilishatosha kumhukumu. Lakini sentensi ile ilikuwa imemkamata shingoni kwa mambo mawili, na alijua asipolitoa la pili sasa atazikwa nalo. Akasema kwamba si mara ya kwanza. Akamwambia juu ya waya wa breki, zile nyuzi nne, wiki mbili za kesho, waya mpya ukutani, na jinsi mkono wa breki ulivyomjia mlegevu. Akamwambia lile shimo la vyuma chakavu. Aliyasema yote bila kuinua macho.

Nje mtu alipita akiuza ndoo za plastiki, akitangaza, mpaka sauti yake ikapotelea mbali.

"Asubuhi ile nilikuharakisha," Sista alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilichelewa kuamka. Nilikugonga mgongoni pale juu, nikakwambia endesha, mgonjwa wangu wa kwanza ana kisukari na ananisubiri kwa sindano. Unakumbuka?"

Fundi hakukumbuka. Kwa jinsi alivyokuwa ameshikwa na lile lake, hakuwa amekumbuka kamwe.

"Miezi saba," alisema Sista. "Miezi saba nimekaa kwenye lile kochi nikijua nimejikata mguu mwenyewe kwa haraka zangu, na ningeweza kukuua na wewe. Nikikuangalia unavyonipikia, unavyonifulia, najiambia mtu huyu hana kosa, na kila siku ananitumikia. Nilikuwa naona aibu kuongea na wewe. Ndiyo maana nilitaka kwenda kwa dada. Nilitaka upumzike kunitumikia."

Fundi alinyoosha mkono kuushika wake. Sista aliuondoa, bila ukali, kama unavyoondoa kitu cha moto mbele ya mtoto.

"Usiniombe msamaha sasa hivi," alisema. "Sina pa kuuweka. Ungeniambia siku ya kwanza ningekukasirikia mwezi, miwili, ningekurushia masufuria, basi. Breki ni waya. Waya hukatika. Lakini uliniona nikifa pale kwenye kochi, na dawa ilikuwa mdomoni mwako." Akamwambia atoke, amwache.

Asubuhi alikuja bandani kwa magongo, shavu limevimba. Alikaa kwenye kiti chake kati ya jiliwa na dirisha, akasema neno moja. "Kifunge."

Fundi alifungua mtoto wa meza. Aliufungua mkono mfupi, akauweka wa Milimita, akakaza nati, akaunganisha waya. Kila alichokigusa Sista alikitazama. Alimuuliza hiki ni nini, kikilegea kitafanyaje, kila baada ya muda gani kikaguliwe, akaandika kwenye daftari lake la wagonjwa. Alitaka kuona waya wa breki ya mbele mwanzo mpaka mwisho. Fundi aliuchomoa wote, akauweka mezani, wakauangalia uzi kwa uzi chini ya mwanga wa dirisha, kisha akaurudisha. Hawakuzungumza lingine. Kwa Fundi yale yalikuwa masaa magumu kuliko yote aliyowahi kufanya kazi, na bado alitamani yasiishe, maana bega la mkewe lilikuwa karibu na lake na harufu ya dawa ya kidonda ilikuwa ileile ya miaka yote.

Walipoijaribu, gia ya pili iliingia na mlio mkavu, ikakaa. Sista alipanda nayo mlima uleule, akashuka, akapanda tena. Fundi alisimama chini, mikono imejaa grisi, akisikiliza. Kazi ilikuwa nzuri. Alijua kwamba hajawahi kufanya nzuri kuliko hiyo.

Jumamosi Sista alifunga mkoba wake kwenye kikapu na begi la nguo nyuma, akatia magongo kwenye vishikizo. Wanawake wa mtaani walikuja kumuaga wakidhani anakwenda kwa dada yake kujiuguza, wakamsifu Fundi mbele yake: mume wa namna hii siku hizi haokotwi. Sista hakuwakanusha. Fundi aliona angependa ardhi ipasuke immeze.

Pembeni, wengine walipokuwa wakisogeza watoto njiani, alimuuliza kama atarudi.

"Sijui," Sista alisema. "Sikudanganyi kukupa moyo. Sijui."

Akapiga kiki akiwa amekaa, pikipiki juu ya stendi yake, ikawaka kwa mara moja. Akajisukuma mbele ikashuka chini, akatia mguu wa kushoto kwenye kikombe, akaondoka. Kwenye kona alipunguza, akaongeza, hakugeuka nyuma. Fundi alibaki amesimama getini mpaka mwenye duka la kona alipokuja kumshika bega na kumwambia aingie ndani, jua kali.

Hakuweza kukaa ndani. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na kila kimoja kilimfukuza. Alikaa bandani bila kufanya kazi, simu mapajani. Mwendo wenyewe ulikuwa wa saa moja. Ilipita moja na nusu, ikapita ya pili. Alianza kuona lori kila alipofumba macho. Alipiga mara nne, haikupokelewa. Alikuwa ameshavaa viatu, hajui anakwenda wapi wala kwa nini, simu ilipolia.

"Nimefika," alisema Sista. Nyuma yake kulisikika wasichana wengi wakiongea kwa pamoja. "Nilisimama njiani kwa yule mzee wa kisukari. Kidonda chake kilikuwa hakijaoshwa siku tatu."

Fundi alibana simu sikioni. Alikaa chini ya ukuta wa banda na viatu vyake miguuni. Alimsikia Sista akipumua, akasubiri akate simu. Hakukata.

"Jumatatu naanza zahanati," aliendelea. "Usije wiki hii. Wala ijayo."

"Sawa."

"Nitakupigia mimi."

"Sawa, Sista."

Kisha mtu alimwita kule, akasema anakuja, na simu ikakatika. Fundi alikaa palepale. Baada ya muda mteja mmoja alichungulia bandani akisukuma pikipiki iliyokufa breki ya mbele, akauliza kama aiache mpaka kesho. Fundi alisimama, akajipangusa uso kwa mkono wa shati, akamwambia hapana, asubiri, atamfungia sasa hivi.